Ikombe Hakuna Shamba la Kahawa

Swali huja kabla mtu hajanusa chochote. Anaichukua pakiti ya kahawa ninayoikaanga na kuiuza kwa jina la Ikombe, anasoma mbele, anaigeuza, anasoma nyuma, halafu ananikazia macho: "Kwani Ikombe kuna kahawa?" Wengi wanaouliza hivyo ni watu wa Kyela, au waliooa Kyela, au waliowahi kufundisha shule za huko, na huuliza kama askari wa kizuizi cha barabarani aliyekuta mzigo hauna risiti. Jibu langu ni fupi: hakuna. Ikombe, kijiji cha kando ya Ziwa Nyasa wilayani Kyela, kuna majabali, mihogo, vyungu na samaki. Kahawa iliyomo ndani imetoka Mbozi, mkoani Songwe, na imeandikwa hivyo palepale mbele, kwa herufi za ukubwa uleule.

Wakishaelewa hilo linakuja swali la pili, na hilo ndilo gumu: basi kwa nini uiite Ikombe? Nimelijibu kwenye maonyesho ya Nane Nane huku watu wanasukumana, nimelijibu kwenye simu, nimelijibu ndani ya daladala nikitokea Uyole, Mbeya, na kila mara limeishia njiani kwa sababu mtu ana haraka au kituo chake kimefika. Leo nina nafasi.

Nianze na majina yenyewe, maana kahawa ina historia ndefu ya kuitwa kwa jina la mahali isikoota. Mokha ni mji wa bandari huko Yemeni, kwenye Bahari ya Shamu. Pwani ile ni joto na mchanga. Mibuni ilikuwa milimani, na kahawa ilishushwa kutoka huko hadi bandarini. Meli zilizoipakia ziliondoka na jina la bandari, na dunia nzima ikaijua Mokha. Santos ya Brazili ni hivyohivyo: bandari iko pwani, mashamba yako bara. Mnunuzi alijua meli ilipotia nanga. Nani alipalilia na nani alichuma, hilo halikuandikwa kwenye gunia.

Sisi wa kusini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Japani ni mteja wa siku nyingi wa kahawa ya Tanzania, na huko kanuni za wafanyabiashara wa kahawa zinaruhusu kahawa ya aina ya arabika ya Tanzania kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro, isipokuwa ile ya Bukoba. Hebu irudie sentensi hiyo. Arabika ya Mbozi, ya Ileje, ya Rungwe, ya Mbinga kule Ruvuma, yote ikifika dukani Tokyo inaweza kukaa kwenye rafu kama Kilimanjaro, na hakuna aliyevunja kanuni yoyote. Kuna wakulima Mbozi wamezeekea kwenye mibuni yao, na mlima ule wameuona kwenye picha tu.

Sina ugomvi na Kilimanjaro. Jina limeuza, na fedha yake imefika hadi huku. Ila jina likishamkaa mnywaji, ndilo atakalolirudia. Akiipenda ile kahawa ataagiza Kilimanjaro nyingine. Hataulizia Mbozi, na msimu unaofuata hakuna sababu ya mtu yeyote kumtafuta mkulima yuleyule.

Kwa hiyo nina msimamo wangu, ingawa wakaangaji wenzangu hatukubaliani wote. Kahawa ina majina mawili. La kwanza ni la shamba, nalo ni mali ya mkulima. Mkaangaji hana ruhusa ya kulifuta wala kulificha kwenye maandishi madogo nyuma ya pakiti. La pili ni la mkaango. Hilo ni langu, kwa kuwa mkaango ndio kazi yangu: moto kiasi gani, muda gani, unaitoa lini. Gunia moja la Mbozi ukilikaanga kwa namna tatu unapata kahawa tatu ambazo mtu asiyejua ataapa zimetoka nchi tofauti. Kazi hiyo ina haki ya kuwa na jina, mradi jina hilo lisimeze la kwanza.

Ikombe ni jina la pili. Lilipatikana hivi.

Mimi ni mpenzi wa ndoano. Siwezi kujiita mvuvi, maana mvuvi anakula kwa jasho la wavu wake na mimi nikirudi mikono mitupu nanunua samaki sokoni Mwanjelwa maisha yanaendelea. Nikipata siku mbili tatu nashuka ziwani na shemeji yangu, mtu wa Kyela, ambaye anamjua kila mwenye mtumbwi kati ya Itungi na Matema, au ndivyo anavyodai. Safari ninayoisimulia nilikuwa natoka Mbozi. Nilikwenda kuangalia kahawa ya msimu kwenye AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima, nikapewa sampuli ya kahawa safi, ile iliyokwisha kuoshwa, kukaushwa na kukobolewa, na sikupata muda wa kuipitisha nyumbani. Ikabaki ndani ya begi pamoja na mishipi.

Njia ya kwenda huko ni somo la jiografia lisilohitaji mwalimu. Uyole iko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ya Juni au Julai hutoki nje bila sweta. Unapita Tukuyu kwenye chai, migomba na mvua yake isiyo na msimu. Halafu barabara inateremka, joto linapanda, chai inakwisha, unaanza kuona mpunga na kakao. Ziwa Nyasa lenyewe liko kwenye mita 474 hivi. Sweta unalivua njiani. Ukifika Kyela unajuta hata kuvaa soksi. Nausisitiza mteremko huu kwa sababu utakuwa na kazi baadaye.

Kutoka Kyela tulichukua gari la kupitia Ipinda hadi Matema. Wageni wengi huishia hapo, na siwalaumu: mchanga ni mzuri, na Milima ya Livingstone inashuka hadi majini bila kukupa hata kiwanja cha kuchezea mpira. Sisi tulisogea mbele kidogo, Lyulilo, ambako Jumamosi kuna soko la vyungu. Wanaoleta vyungu ni Wakisi, na wafinyanzi ni wanawake. Vinakuja kwa mitumbwi, vimepangwa vikapachikwa majani makavu katikati visigongane, vikubwa vya pombe na maji, vya kati vya kupikia, vidogo vya mboga. Wachuuzi wanavinunua kwa jumla, na baada ya siku chache unavikuta Tukuyu, unavikuta Mbeya mjini pembeni mwa barabara, bei imekwisha kuongezeka. Mchana soko likivunjika mitumbwi inarudi mitupu, na hapo ndipo mtu mwenye begi la mishipi anapopata pa kukaa. Shemeji akasalimia, akataja ukoo wake, akataja na wa mkewe, akasema ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, tukapanda.

Ikombe ni kijiji cha Wakisi kwenye rasi, nyumba zimebanana kati ya mlima na maji. Sehemu ya kulima ni ndogo, na iliyopo imesimama wima. Mihogo inapandwa mahali ambapo mimi ningeogopa hata kusimama. Kwa hiyo watu wanaishi kwa vitu viwili, udongo na ziwa.

Mwezi ulikuwa mpevu. Usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, huvuliwa usiku kwa taa: zamani karabai, sasa taa za betri na sola. Taa inawavuta, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwaka ziwa zima linakuwa na taa, usipa wanatawanyika, na kutoka ni kupoteza nguvu tu. Mzee aliyetupokea alikuwa amekaa chini ya mwembe anatengeneza wavu, sindano mkononi, wala hakuonekana mtu mwenye shida. "Mwezi huu ni wa kushona," alisema. "Nyie mna ndoano, nendeni kwenye mawe."

Tukaenda kwenye mawe. Maji ya pale ni meupe kiasi kwamba unaiona ndoano ikishuka, unawaona na samaki wakiijadili. Wengi ni wale wadogo wa rangi ya buluu wanaoishi kwenye miamba. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana mahali pengine duniani, na hao wa miamba wanafugwa na watu wa Ulaya na Marekani kwenye matangi ya vioo sebuleni. Kwa mtu wa ndoano ni wezi wa chambo. Walinimaliza minyoo alasiri nzima. Shemeji alipata wa mchuzi, wachache, akanikumbusha hilo mpaka tumerudi Mbeya.

Jioni nilikuwa natafuta tochi ndani ya begi, mfuko wa sampuli ukaanguka. Mama mwenye nyumba akaokota punje moja, akaigeuzageuza.

"Mbegu gani hizi?"

"Kahawa, mama."

"Kahawa ya kijani?"

"Bado haijakaangwa."

Akanitazama kwa huruma kidogo. Kilimo cha kahawa kiko Rungwe, siyo mbali na pale, na bado hakuwahi kuishika mbichi. Hilo halinishangazi, hata kwenye kata zinazolima, nyumba nyingi utakaribishwa chai. Kahawa yetu karibu yote husafiri nje ya nchi, na aliyeichuma haionji. "Basi lete tuikaange," akasema, kama vile nimemletea karanga.

Kikaango kilikuwa cha udongo, kipana, kina kina kidogo, cheusi tii kwa chini, na alikifinyanga mwenyewe. Alikiweka kwenye mafiga kikiwa kitupu na kukiacha muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Hakuweka kahawa mpaka alipopitisha kiganja juu yake akaridhika. Kisha akamimina, si nyingi, tabaka moja tu la punje juu ya udongo, akashika mwiko na kuanza kuzungusha. Hakuna aliyempa maelekezo. Nilifungua mdomo mara moja nikaufunga.

Punje mbichi ina unyevu wa asilimia 10 hadi 12, na kazi ya mwanzo ya moto ni kuutoa huo. Rangi ikaenda kutoka kijani kwenye weupe, kutoka weupe kwenye unjano, na harufu ya majani mabichi ikageuka kuwa ya mkate. Kwenye mashine yangu, hapo ndipo naongeza gesi, maana punje zimekauka na zinaupokea moto vizuri. Mama alifanya kinyume. Alizivuta kuni zote nje, akabakiza makaa.

"Mama, zitalala," nilisema.

"Chungu kina moto wake."

Na kweli kilikuwa nao. Udongo ule mnene ulikuwa umeshiba joto, na ukalitoa taratibu, bila papara, kwa muda ambao mashine yangu ingekuwa imekwisha maliza na kuanza kupoa. Unjano ukaingia kwenye ukahawia kwa upole kabisa. Baadaye ndipo ikasikika punje ya kwanza, pa, halafu ya pili, halafu nyingi kwa pamoja. Mkaangaji yeyote anausubiri mlio huo. Joto la punje linakuwa karibu nyuzi 200 za Selsiasi, mvuke na gesi vilivyobanwa ndani vinaipasua, inavimba na kuwa nyepesi. "Zimesema," mama akatangaza, na akaendelea kuzungusha mpaka milio ikawa ya mojamoja. Hapo akanyanyua kikaango kwa matambara mawili na kumwaga zote kwenye ungo. Hakusubiri hata kidogo, na alikuwa sahihi: ukiziacha ndani ya udongo wa moto zinaendelea kuiva wewe umekaa unaongea. Akapepeta. Upepo wa ziwa ukachukua yale maganda membamba ya ndani na kuyapeleka kwa jirani.

Zilikuwa hazilingani rangi. Nyingine kahawia ya mbali, nyingine zimeungua upande mmoja. Kwenye mashindano ya kuonja kahawa zisingepita hata mlangoni.

Tukazitwanga palepale kwenye kinu, tukachemsha maji ya ziwa kwenye sufuria, tukanywa. Ilikuwa mbaya, nasema ukweli. Ilikwaruza koo na ilikuwa na povu na moshi, na shemeji aliongeza sukari mpaka kijiko kikakaribia kusimama. Kahawa iliyotoka motoni sasa hivi imejaa gesi ya kaboni dioksidi. Gesi hiyo inayasukuma maji yasiingie vizuri kwenye unga, na inaleta ukali wa ajabu mdomoni. Zile zilizobaki mama akazifunika kwenye chungu kidogo, tukalala.

Asubuhi akatwanga nyingine, tukanywa kwa mihogo ya kuchemsha. Hapo sikuongea. Ilikuwa nzito, tamu bila sukari, na ule ukali wa ndimu ambao kahawa ya Mbozi ninaijua kwao ulikuwepo kwa mbali, umekaa mahali pake, hausumbui. Mzee, ambaye usiku aliikataa, aliomba kikombe cha pili. Mimi kahawa ndiyo kazi yangu, nina mashine, nina mizani, nina kipimajoto, na nilikuwa sijawahi kuipata kahawa hiyohiyo ikiwa hivyo.

Zilizosalia nikaziweka kwenye karatasi nikarudi nazo Uyole. Nikasaga, nikachemsha maji, nikapima kiasi kilekile. Ikatoka nyepesi na chachu. Punje zilezile, mkaango uleule.

Nilikaa na jambo hili muda mrefu, na sababu nilizozipata ni tatu. Ya kwanza ni ule mteremko. Maji hayachemki kwa joto moja kila mahali. Kadiri unavyopanda, ndivyo yanavyochemka mapema, na hesabu ya haraka ni kwamba kila mita 300 zinakupunguzia kama nyuzi moja. Ikombe, ufukweni, yanachemka kwenye nyuzi 98 na kitu. Uyole yanachemka kwenye 94. Hata ukoleze moto namna gani, sufuria iliyo wazi haivuki hapo, na ndiyo maana maharage ya Mbeya yanamaliza mkaa. Kahawa nayo ni hivyo: maji ya nyuzi 98 yanatoa utamu na uzito ambao maji ya 94 yanauacha ndani ya unga, hasa kama mkaango ni wa mbali, yaani punje hazikuiva sana. Uchachu ndio unaotoka kwanza na kirahisi. Ukishindwa kuvuta vile vinavyofuata, unabaki na uchachu peke yake kikombeni.

Ya pili ni maji yenyewe. Maji ya Ziwa Nyasa yana ualkali kidogo, na kitu chenye ualkali hupunguza makali ya asidi. Ili nijiridhishe, nilipokwenda tena nilijaza dumu na kulipandisha kwenye gari la kurudi Mbeya. Konda akaniuliza kama Mbeya maji yamekatika. Kabla sijajibu, abiria mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba maji ya ziwani yakibebwa hivyo ujue ni ya mganga, na kutoka hapo hadi Tukuyu hakuna aliyetaka kukaa karibu na lile dumu. Nyumbani nilipika kahawa kwa maji ya bomba na kwa maji ya dumu, sufuria mbili, moto mmoja. Ya dumu ilikuwa imetulia zaidi, uchachu umeshuka. Uzito ndio uliokosekana, na hapo nikajua joto lina sehemu yake na maji yana sehemu yake.

Ya tatu ni yule mama. Kuvuta kuni nje wakati mimi naongeza gesi, huko ndiko kulikozaa ule utamu. Kati ya unjano na mlio wa kwanza ndipo sukari na protini za punje zinapofanya kazi yao, zinageuka kuwa rangi na harufu. Ukilipitisha eneo hilo kwa kasi unapata kahawa yenye kelele. Ukilirefusha kwa kiasi, inakuwa ya mviringo. Ukilirefusha kupita kiasi inakuwa kama haina ladha kabisa, hivyo si suala la kwenda polepole tu.

Sikutaka kuiga kikaango cha udongo kwa mashine, jambo ambalo haliwezekani na halina maana. Nilichotaka ni mtu wa Uyole, wa Forest mjini Mbeya, wa Njombe, anywe kwa maji yake yanayochemka mapema, apate kile nilichopata kule chini. Kwa hiyo naanza na moto mdogo, nazipa punje muda mrefu katikati, na nazitoa baadaye kidogo kuliko mama alivyotoa, milio ikiwa imekwisha kabisa, ili ziwe rahisi kwa maji ya nyuzi 94. Kilo moja ya kahawa safi inanipa gramu 850 hadi 860. Nyingine imekwenda na mvuke, gesi na maganda. Sifiki kwenye mlio wa pili, ule unaokuja baadaye moto ukiendelea. Ukifika huko mafuta yanatokeza juu ya punje, na hapo Mbozi, Mbinga na Brazili zinaanza kufanana. Najua kuna wateja wanaoamini kahawa isipokuwa nyeusi kama lami haijaiva. Kwa hao nina mkaango mwingine, hauna jina, na unauzwa vizuri tu.

Jina lenyewe lilileta mabishano. Shemeji alitaka Nyasa. Nikamwambia Nyasa ni ziwa lenye kina cha mita 700, linagusa nchi tatu, wenzetu wa ng'ambo wanaliita Malawi, na mpaka wake unabishaniwa kwa kuanzia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Sikutaka pakiti ya gramu 250 iingie kwenye mgogoro huo. Mtu mwingine akapendekeza Livingstone, nikakataa bila maelezo. Matema ingeuza, ila Matema inajulikana kwa mchanga na hoteli, na kahawa hii haina uhusiano na kulala kwenye kiti cha ufukweni. Palepale ilipopatikana pana jina, na jina hilo linatamkika. Basi.

Nikarudi kuomba. Mama alicheka, akasema jina ni la kijiji, yeye ana chungu tu, nikawaulize wenye kijiji. Wazee walinisikiliza. Waliuliza maswali mawili ambayo naona yana akili kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu biashara hii. Moja, watu wakija hapa kutafuta shamba la kahawa tuwajibu nini? Pili, kahawa ikiwa mbaya, nani atatukanwa? Tulikubaliana niandike kwamba Ikombe ni kijiji cha wavuvi na wafinyanzi, Ziwa Nyasa, Wilaya ya Kyela, na kwamba kahawa haitoki hapo. Mama naye akaweka lake: kama nataka chungu cha kuonyeshea watu kwenye maonyesho, nisikinunue kwa wachuuzi wa Mbeya. Nifuate Lyulilo, au nimwagize yeye. Namwagiza yeye, na hapunguzi bei.

Mbozi ndiko nilikobanwa zaidi. Nilipeleka pakiti ya kwanza kwenye ile AMCOS kwa furaha zangu zote. Ilipitishwa mkono kwa mkono kimya kimya, mpaka mzee mmoja akaishusha miwani. "Kwa hiyo mwanangu," akasema, "tumelima sisi, umeipa jina la samaki." Watu wakaangua kicheko, ila yeye hakucheka. Kwenye pakiti ile neno Mbozi lilikuwepo, dogo, chini, karibu na tarehe ya kukaangwa. Hakuna kifungu cha sheria nilichovunja. Hata hivyo mtu ambaye ametoka kulalamikia Kilimanjaro hana pa kusimama akiambiwa hivyo. Pakiti zilizofuata zina majina mawili mbele, IKOMBE na MBOZI, ukubwa mmoja, wino mmoja. Mchoraji alisema inaharibu muundo, jicho halijui lianze wapi. Nikamwambia acha lihangaike.

Kama mnunuzi akiipenda na akarudi, nataka awe na la kuniuliza zaidi ya Ikombe. Na wanauliza. Wapo sasa wanaotaka Mbozi yenye mkaango mwingine, na yupo aliyeuliza kama naweza kukaanga ya Ileje kwa namna ya Ikombe. Nimeijaribu hiyo ya mwisho na si mbaya, ingawa Ileje inataka kuachwa na uchangamfu wake, ukiutuliza mno inanuna.

Mwisho namna ya kuipika, maana hilo ndilo naulizwa na wasiojali majina. Saga iwe kama chumvi ya mezani kama unaishi Mbeya mjini, Tukuyu, Iringa au popote penye kati ya mita 1,400 na 1,900. Gramu 60 kwa lita moja ya maji, na maji yaingie kwenye unga wakati bado yanatokota. Huku kwetu hakuna haja ya kuyapumzisha. Funika dakika tano, koroga mara moja, iache itulie. Kama uko Makete au unapandisha Kitulo, ambako maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hadi 93 hivi, tumia chupa ya chai yenye kifuniko kinachobana, uisuuze kwanza kwa maji ya moto, na uipe dakika saba. Watu wa Kyela na Dar es Salaam ndio wa kuwa waangalifu: maji yenu yana moto mkali, sagieni chembe kubwa zaidi, yakishachemka yaacheni dakika moja ndipo mmimine, la sivyo itakuwa chungu na mtanipigia simu. Usiinunue zaidi ya utakayomaliza ndani ya mwezi. Kuhusu kitafunio, mihogo ya kuchemsha yenye chumvi inaishinda keki, na hilo sibishani na mtu.